Sanamu za Kale na Mikono ya Waliozipenda

Mabibi na mabwana, walimu wa sanaa, mafundi wa makumbusho na wanafunzi: kwa wakubwa wetu shikamooni, na vijana hamjambo.

Mada yetu ni sanamu za Ugiriki na Roma ya kale: zilivyotengenezwa, kwa nini bado zinaigwa baada ya miaka 2,500, na zinavyotunzwa zisiishe. Kuna jambo moja litakalojirudia leo, na ni afadhali tuliseme mapema. Ukichunguza majeraha ya sanamu zilizonusurika, hasa ya miaka mia tano ya karibuni, utakuta mengi yametoka kwa watu waliozipenda. Wamezipachika mikono mipya, wamezisugua ziwe nyeupe, wamezifunga kwa vyuma. Kila kizazi kilizitunza kwa kufuata picha kiliyokuwa nayo kichwani kuhusu Mgiriki wa kale. Kwa hiyo ukizungumzia namna zilivyowaathiri watu, tayari umeshaanza kuzungumzia namna zilivyoharibika.

Tuanze na hasara. Marumaru ni kalsiamu kaboneti. Ukiichoma hadi karibu nyuzi 900 za Selsiasi, inatoa hewa ya kaboni dayoksaidi na kubaki chokaa. Watu wa pwani, kuanzia Lamu hadi Kilwa, hawahitaji kufundishwa hilo, kwa sababu matumbawe yana kemia ileile na nyumba za mawe za Mji Mkongwe zimesimama kwa chokaa ya namna hiyo. Sasa fikirieni Roma ya Zama za Kati, mji uliojaa marumaru iliyochongwa na ambayo hakuna tena anayeiabudu. Kwa mwenye tanuu, paja la mungu lilikuwa malighafi iliyokwisha kuchimbwa na kusafirishwa na mtu mwingine. Sanamu nyingi ziliishia humo, zikarudi mjini zikiwa lipu ya ukuta.

Bronzi ilipata balaa kubwa zaidi. Ni mchanganyiko wa shaba na bati, kwa kawaida sehemu tisa za shaba kwa moja ya bati au karibu na hapo, na ubaya wake ni kwamba inayeyuka tena bila kupungua thamani. Myron, Polykleitos na Lysippos, mabingwa waliotajwa sana na waandishi wa kale, walifanya kazi hasa kwa bronzi, na karibu kila tunachokijua kuhusu kazi zao kimetufikia kupitia nakala za marumaru zilizochongwa kwa ajili ya matajiri wa Kirumi. Mbeba mkuki wa Polykleitos, anayesomwa katika kila darasa la historia ya sanaa, ni nakala kutoka Pompeii iliyoko Naples. Ya asili haipo.

Bronzi iliyopona ilipona kwa sababu ilipotea. Bahari ndiyo iliyotunza nyingi: wazamiaji wa sifongo waliifikia merikebu iliyozama karibu na kisiwa cha Antikythera, Ugiriki, mwaka 1900, mungu mkubwa wa Artemision aliinuliwa kutoka chini ya bahari ya Ugiriki miaka ya 1920, mashujaa wawili wa Riace walionekana mwaka 1972 karibu kabisa na ufuko wa kusini mwa Italia, kwenye kina cha mita chache tu, na mwanariadha wa Lošinj, huko Kroatia, aliopolewa mwaka 1999. Afrika nayo ina mfano wake. Mwaka 1910 huko Meroe, Sudani, kilichimbuliwa kichwa cha bronzi cha Kaisari Augusto, macho yake bado yamo. Wakushi, wenyeji wa Meroe, walikuwa wameivamia Misri ya Kirumi, wakaja nacho, wakakifukia chini ya ngazi za jengo lao la ushindi ili kila anayepanda amkanyage Kaisari. Ni dharau iliyopangwa kwa ustadi, na ndiyo iliyokihifadhi kichwa hicho vizuri kuliko vingi vilivyobaki Roma kwa heshima.

Tuje kwenye ufundi, maana bila ufundi hamtaelewa jinsi zinavyovunjika.

Sanamu za kwanza kubwa za Wagiriki, za karne ya 7 na ya 6 KK, zinaonyesha wazi shule zilikotoka. Kijana amesimama wima, mikono ubavuni, ngumi zimefungwa, mguu wa kushoto mbele. Huo ni mkao wa Misri. Kijana wa marumaru aliyeko Metropolitan Museum, New York, amepimwa, na vipimo vyake vinakaribia sana gridi ya mafundi wa Kimisri, ambamo mwili uligawanywa kwa miraba 21 kutoka nyayo hadi machoni. Tofauti iko kwenye jiwe linaloachwa. Mmisri aliacha nguzo mgongoni na jiwe kati ya miguu, Mgiriki akaliondoa. Akapata mwili ulio huru pande zote, na papo hapo akaurithi udhaifu uliomsumbua kila mchongaji wa marumaru baada yake: kifundo cha mguu.

Marumaru hubeba mzigo mkubwa sana ikigandamizwa, lakini ikivutwa au kupindwa hukatika upesi. Bronzi huvumilia kuvutwa. Kwa hiyo fundi wa bronzi aliweza kumsimamisha mtu kwenye mguu mmoja, goti la pili limelegea, nyonga ya upande wenye uzito imepanda na bega la upande huohuo limeshuka, mkono umenyooshwa hewani. Nakala yake ya marumaru ingekatika vifundoni. Ndiyo sababu nakala za Kirumi zimejaa visiki vya miti nyuma ya paja na vijiti vya mawe kati ya nyonga na mkono. Ukiingia makumbusho ukaona kisiki kisicho na sababu kando ya mwanariadha, jiulize kama asili yake haikuwa bronzi.

Zana za mchongaji ni zilezile ambazo fundi mawe wa leo angezitambua. Tindo lenye ncha hutangulia kuondoa mabonge, kisha tindo la meno hulainisha mawimbi, kisha tindo bapa, kisha keekee kwa pindo za nguo na mikunjo ya nywele, na mwisho abrasivu ya kisiwa cha Naxos, jiwe gumu jeusi lililosagwa. Pembe ya tindo ni jambo kubwa. Ukipiga kwa kusimamisha ncha wima, pigo linaingia ndani na kuvunja chembe za jiwe milimita kadhaa chini ya uso. Hutaona kitu siku hiyo, lakini maji yatapata njia, na karne zikipita uso wote utamomonyoka. Ukiinamisha tindo, jiwe linatoka kwa vipande na chini pake panabaki pazima. Mhifadhi anayesoma alama za tindo anaweza kutabiri ni sehemu gani ya sanamu itakayoanza kubomoka.

Bronzi ilisubiwa kwa nta. Fundi alitengeneza mfano wa udongo, akachukua kalibu vipande vipande, akapaka nta ndani ya kalibu kwa unene wa milimita chache, akajaza kiini cha udongo katikati, akaweka vijipini vya chuma vya kushikilia kiini, akafunika yote kwa udongo wa nje, akachoma nta ikatoka, akamimina bronzi mahali ilipokuwa nta. Kichwa, mikono na miguu vilisubiwa peke yake na kuunganishwa kwa kumiminia bronzi nyingine kwenye maungio. Shujaa mmoja wa Riace, yule anayeitwa A, ana midomo ya shaba tupu na meno ya fedha. Kiini cha udongo kilibaki ndani, na tutakirudia, kwa sababu ndicho kilichokaribia kuwamaliza mashujaa hao.

Sasa athari. Tarehe 14 Januari 1506, katika shamba la mizabibu kwenye kilima cha Esquilino, Roma, lilifukuliwa kundi la sanamu la Laocoön, kuhani wa Troya anayenyongwa na nyoka pamoja na wanawe wawili. Michelangelo alikwenda kuliona likiwa bado shimoni. Papa Julius II akalinunua na kuliweka Vatikani. Mkono wa kulia wa baba haukuwepo, na hiyo ikawa kero, kwa sababu macho ya wakati ule hayakuweza kuvumilia shujaa asiye na mkono. Mchongaji Montorsoli akamtengenezea mkono ulionyooka kwenda juu, wa kishujaa kweli. Kuanzia hapo picha zikachapwa, nakala za plasta zikapelekwa kwenye vyuo vya sanaa vya Ulaya nzima, na wanafunzi kizazi baada ya kizazi wakachora mkono ule wakiamini wanajifunza kwa Wagiriki. Mwaka 1906 mtaalamu wa mambo ya kale Ludwig Pollak aliukuta mkono wa marumaru katika karakana ya fundi mawe mjini Roma. Umekunjwa nyuma ya kichwa, wa mtu anayezidiwa. Uliungwa mwishoni mwa miaka ya 1950, ukakaa. Kwa miaka mia nne ulimwengu ulijifunza ushujaa kutoka kwenye kiraka. Pollak mwenyewe hakuishi kuona ukiungwa. Mwaka 1943 Wanazi walimkamata Roma pamoja na familia yake, wakampeleka Auschwitz.

Mabishano kuhusu kuunga viungo yalifika kileleni mwanzoni mwa karne ya 19. Canova, mchongaji aliyeheshimiwa kuliko wote Ulaya, aliombwa azikamilishe sanamu za Parthenon, hekalu la Athens, zilizoletwa London. Alikataa kuzigusa. Miaka hiyohiyo Thorvaldsen, mchongaji wa Denmark, alikubali kuzikamilisha sanamu za hekalu la Aphaia, kisiwani Aegina, zilizonunuliwa na mwanamfalme wa Bavaria. Alichonga vichwa, mikono na ngao mpya, na ili vipande vipya vikae, sehemu za asili zilizovunjika zilikatwa zikawa bapa. Katika miaka ya 1960 makumbusho ya Munich yaliamua kuondoa kazi yote ya Thorvaldsen. Hapo wataalamu wamegawanyika hadi leo, na sisi tunaona Munich walikwenda mbali mno. Uso wa jiwe uliokatwa haukurudi, na kazi ya mchongaji mkubwa wa karne ya 19 ilitenganishwa na kitu ilichokuwa sehemu ya historia yake. Kosa la kwanza lilirekebishwa kwa mikono iliyokuwa na uhakika uleule.

Elimu hiyo ya plasta ilifika mbali. Mchongaji wa Ulaya wa mwaka 1900 alianza kwa kuchora nakala za sanamu za Kigiriki, kisha mtu hai, kisha ndiyo aguse udongo. James Alexander Stevenson, Mwingereza aliyetengeneza Sanamu ya Askari iliyozinduliwa Dar es Salaam mwaka 1927, alitoka katika dunia hiyo. Askari ni Mwafrika, bunduki ni ya Vita Kuu, lakini wazo la kuweka mwili mmoja wa bronzi juu ya jukwaa la mawe katikati ya njia panda ili uzungumze kwa niaba ya wengi ni wazo la Athens na Roma. Na imesimama si mbali na bahari, jambo ambalo mhifadhi hawezi kulipita kimya.

Tuzungumzie weupe. Winckelmann, Mjerumani aliyechapisha historia yake ya sanaa ya kale mwaka 1764, aliwafundisha wasomaji wake kuona uzuri katika umbo tupu la marumaru nyeupe. Lakini sanamu zilipakwa rangi. Nguo nyekundu na bluu, nywele, nyusi, mboni za macho. Rangi iliondoka kwa mvua, kwa udongo, na baadaye kwa brashi za wafanyakazi waliodhani ni uchafu. Mwaka 1937 na 1938, ukumbi mpya wa sanamu za Parthenon ulipokuwa ukitayarishwa British Museum kwa fedha za Lord Duveen, tajiri mfanyabiashara wa sanaa, yeye alitaka ziwe nyeupe zaidi. Wafanyakazi walizikwangua baadhi yake kwa vyuma vya shaba na mawe ya kusugulia ya kabarandamu. Marumaru ya Penteli, mlima ulio karibu na Athens, ina chembechembe za chuma, na ikizeeka hupata gamba jembamba la rangi ya asali. Gamba hilo ndilo uso wa mwisho uliobeba alama za tindo na mabaki ya rangi. Likikwanguliwa, chini yake kuna jiwe jeupe ambalo Pheidias, mchongaji mkuu wa Parthenon, hakuliona kamwe.

Mabaki ya rangi siku hizi yanatafutwa bila kugusa jiwe. Njia moja ni ya kupendeza kwa urahisi wake. Bluu ya Kimisri, rangi iliyopikwa kwa mchanga, chokaa na shaba kwenye joto la karibu nyuzi 900, ina tabia ya ajabu: ukiimulika kwa mwanga wa kawaida inatoa mwanga wa infraredi wa mawimbi ya karibu nanomita 910, hata kama chembe zake ni chache kiasi kwamba jicho halioni kitu. Unafunga mapazia chumba kiwe giza, unamulika kwa taa za LED nyekundu ambazo hazitoi infraredi, unatumia kamera ya dijitali iliyotolewa kichujio chake cha infraredi na kuwekewa kingine kinachozuia mwanga wote unaoonekana. Kwenye picha, sanamu inakuwa nyeusi na bluu inang'aa nyeupe. Mtafiti Giovanni Verri aliitumia British Museum, na kwenye mshipi wa Iris, mjumbe wa miungu wa Parthenon, mabaki yakajitokeza mahali ambapo watu walikuwa wameangalia kwa karne mbili bila kuona rangi. Kosa la kawaida katika kazi hii ni taa. Balbu ya zamani yenye waya wa moto inatoa infraredi yake mwenyewe, kila kitu kinang'aa, na picha haina maana.

Chuma kina kisa chake. Wajenzi wa Parthenon, kati ya mwaka 447 na 432 KK, waliunga mawe kwa magango ya chuma, na mengi yako salama hadi leo. Siri ni risasi. Walichonga kitundu kikubwa kuliko gango, wakaliweka, wakamimina risasi iliyoyeyushwa hadi ikalifunika lote. Maji na hewa havikulifikia chuma, na risasi kwa kuwa ni laini ilimeza mtikisiko wa tetemeko. Mwanzoni mwa karne ya 20 mhandisi Nikolaos Balanos alisimamisha nguzo na mihimili iliyoanguka kwa upendo mkubwa kabisa. Alitumia vyuma vya kawaida, akavizika kwenye saruji bila risasi, na akakata mipasuko ya zamani ikawa bapa ili vipande viungike vizuri. Chuma kikishika kutu hutanuka mara kadhaa ya ukubwa wake wa mwanzo. Ndani ya jiwe hakina pa kwenda. Jiwe likapasuka.

Tangu mwaka 1975 kamati ya Ugiriki ya uhifadhi wa Acropolis, kilima inaposimama Parthenon, imekuwa ikifungua kazi ya Balanos gango kwa gango. Badala ya chuma inatumia titani, ambayo haishiki kutu na hutanuka kwa joto kwa kiasi kinachokaribiana na marumaru. Panapokosekana jiwe, kipande kipya kutoka Penteli huchongwa kufuata mpasuko wa zamani ulivyo, kwa kuupima nukta kwa nukta, na si mpasuko kukatwa ufuate kipande. Pini hukokotolewa ili, tetemeko likija, ishindwe yenyewe kabla ya jiwe. Kanuni hiyo, kwamba kiraka kiwe dhaifu kuliko asili, ndiyo inayotenganisha uhifadhi wa leo na fundi hodari wa jana.

Kuna mfano mmoja unaofundisha hilo kuliko yote, ingawa si sanamu ya kale bali ni mtoto wake. Adam wa Tullio Lombardo, wa Venisi, alichongwa miaka ya 1490 kwa kufuata kabisa mkao wa Kigiriki, uzito kwenye mguu mmoja. Jioni ya tarehe 6 Oktoba 2002, ndani ya Metropolitan Museum, jukwaa lake la mbao za plaiwudi lililegea kona moja, naye akaanguka sakafuni. Vipande vikubwa 28 na vidogo mamia. Kumbukeni: haikuwa vita, haikuwa mvua, ilikuwa meza. Kabla hata ya kufagia, sakafu iligawanywa kwa gridi na kila kipande kikapigwa picha mahali kilipoangukia, kwa sababu mahali penyewe ni taarifa. Ndipo kazi ikaanza, na ikachukua miaka 12.

Mazoea yangekuwa kutoboa kila ungio na kutia pini za chuma kwa gundi ya epoksi. Wahifadhi wa Metropolitan walijaribu kwanza kwenye vipande vingine vya marumaru, wakavipakia mizigo mpaka vikavunjika. Waligundua kwamba pini ngumu ya chuma, ungio likishindwa, inararua jiwe lililo pembeni yake. Pini ya nyuzi za kioo inakatika yenyewe. Mwishowe walitoboa mahali patatu tu, vifundo viwili vya miguu na goti la kushoto, na kwingine kote wakatumia gundi ya akriliki ya Paraloid, inayoyeyuka tena kwa asetoni. Mipasuko ya marumaru ina meno madogo sana yanayokaana, na mkipaka gundi nyembamba, mkabana na kusubiri, meno yenyewe yanafanya nusu ya kazi. Gundi nene huua ungio. Kila ungio likiachwa na nafasi hata ya robo milimita, ukifika kipande cha kumi shingo haikutani tena na kichwa. Kwa hiyo huungwa kwanza vyote vikavu, bila gundi, ili kujua mpangilio. Na kipande kinachofunga kingine njia kinaachwa hadi zamu yake.

Turudi Athens kwa hewa chafu. Magari na viwanda vya karne ya 20 vilitoa salfa dayoksaidi, ambayo pamoja na unyevu hugeuza uso wa marumaru kuwa jasi. Jasi huyeyuka majini kirahisi kuliko marumaru. Basi sehemu zinazopigwa na mvua husafishwa kila msimu na kuonekana nyeupe, na sehemu zilizojificha hubaki na jasi iliyonasa masizi, ukoko mweusi. Mgeni hudhani jeupe ndilo zima. Ni kinyume: jeupe limekwisha kupoteza pua na mikunjo ya nguo, na chini ya ukoko mweusi mara nyingi alama za tindo bado zipo.

Wanawake wa mawe wanaobeba paa la Erechtheion, hekalu jingine la Acropolis, walishushwa mwaka 1979 na nakala zikawekwa mahali pao. Watano wako makumbusho ya Acropolis. Wa sita yuko London tangu enzi za Lord Elgin, aliyezipeleka huko sanamu za Parthenon. Watano hao walisafishwa kwa leza ndani ya ukumbi. Ukoko mweusi hunyonya mwanga, hupata joto ghafla na kuruka. Jiwe lenye rangi hafifu hurudisha mwanga na kubaki baridi. Kila mpigo hudumu sehemu chache tu za bilioni za sekunde, kwa hiyo joto halina muda wa kuingia ndani. Tatizo ni kwamba infraredi peke yake iliacha jiwe la manjano, na ultravayoleti peke yake ilifanya kazi taratibu na kuacha weupe usio sawa. Watafiti wa Krete walitengeneza mashine inayopiga zote mbili kwa wakati mmoja, na fundi anarekebisha uwiano kwa unene wa ukoko. Daima huanzwa na kiraka cha majaribio, mahali pasipoonekana.

Bronzi ina ugonjwa wake. Kloridi za baharini zikishaingia kwenye shaba, hutulia hadi zipate unyevu na oksijeni. Kisha hutoa asidi inayokula shaba, ambayo hutoa kloridi tena, na mzunguko haukomi. Dalili ni unga wa kijani kibichi hafifu, mwepesi, unaotoka kwenye vitundu na kuanguka chini ya sanamu. Kutu ya kijani iliyoshikamana, ngumu na yenye uso laini, si ugonjwa, na ukiikwangua umeua uso wa asili. Ukiwa na shaka kuhusu kifaa kidogo, kiweke ndani ya chombo chenye unyevu mkubwa kwa siku moja: kama ugonjwa upo, unga utatokea. Dawa ya kawaida ni kukichovya kwenye benzotriazoli ya asilimia 3 ndani ya ethanoli, na glavu mkononi kwa sababu ni sumu, kisha vanishi ya akriliki, kisha nta. Lakini dawa kubwa ni ukavu. Unyevu wa hewa uwe chini ya asilimia 40 hivi, usipande na kushuka.

Mashujaa wa Riace walisafishwa nje, wakapendeza, na ugonjwa ukaendelea, kwa sababu kiini cha udongo ndani ya miili kilikuwa kimeloa maji ya bahari na kiliendelea kutoa chumvi. Ilibidi udongo huo utolewe kwa kupitia matundu ya nyayoni, kidogo kidogo, kwa vifaa virefu vyenye kamera. Leo wako Reggio Calabria katika chumba ambacho mgeni hupitia kwanza chumba cha kuchuja vumbi na unyevu wa nguo zake. Chini yao kuna majukwaa ya marumaru ya sakafu mbili, yenye mabonde yaliyochongwa, na mipira minne ya marumaru kati yake. Ardhi ikitikisika, sakafu ya chini inakwenda na kurudi, mipira inabingirika, shujaa anabaki karibu alipo.

Kwa walio na sanamu za kutunza huku kwetu, mengi ya haya yana upande mdogo unaowezekana. Bronzi ya nje karibu na bahari ioshwe kwa maji matamu na sabuni isiyo na chumvi wala amonia, kwa brashi laini, ikauke kabisa, kisha ipakwe nta nyembamba na kusuguliwa, angalau mara moja kwa mwaka kabla ya masika. Dawa za kung'arishia shaba zisiguswe. Kila mng'ao ni chuma kilichoondoka. Ndimu na ukwaju vinavyong'arisha sinia la shaba jikoni ni asidi, na juu ya marumaru au jiwe la matumbawe vinakula jiwe lenyewe. Saruji isitumike kujaza ufa wa jiwe la chokaa: ni ngumu kuliko jiwe, inafungia maji ndani na kuleta chumvi zake. Tumieni chokaa. Sanamu isiinuliwe kwa mkono wala shingo, bali kwa mikanda yenye mito chini ya kitovu cha uzito, na glavu ziwe za mpira mwembamba. Za pamba huteleza. Na kagueni jukwaa kabla ya kukagua sanamu.

Vita vikija, kanuni hubadilika. Ugiriki ilipoingia vitani Oktoba 1940, wafanyakazi wa makumbusho ya taifa ya Athens walichimba mahandaki chini ya sakafu za kumbi zao wenyewe, wakasimamisha sanamu humo kama umati, wakamimina mchanga hadi zikafunikwa na kufunga juu. Mchanga hushika jiwe pande zote sawasawa na hauachi pengo la kuangukia. Wajerumani walipofika Aprili 1941 walikabidhiwa kumbi tupu.

Neno la mwisho ni kuhusu kilichokosekana. Ukanda wa Parthenon, yaani safu ya michongo iliyolizunguka hekalu kwa juu, una urefu wa mita 160 hivi; karibu mita 80 ziko London na karibu 50 Athens. Makumbusho ya Acropolis, yaliyofunguliwa mwaka 2009, yaliupanga ukanda kwa vipimo na mwelekeo wa hekalu lenyewe, na mahali pa vipande vilivyoko nje yakaweka plasta. Hawakuipaka rangi ya jiwe. Imeachwa nyeupe kabisa karibu na marumaru ya asali, na yeyote anayepita anajua bila kuuliza kipi kiko wapi. Mwaka 2022 kipande kidogo, mguu wa mungu wa kike aliyeketi, kilirudi kutoka Palermo, Italia, na mwaka 2023 Vatikani ikarudisha vitatu. Cha Palermo kilichukua mahali pake kwenye ukanda wa mashariki. Pembeni yake plasta bado ipo.